Rimu ya Gari Mlangoni mwa Chuo: Je, Kugonga Chuma Kuita Watoto ni Naqusi?

Himdi zote ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake na Swahaba zake.

Amma baada ya hayo. Mama mmoja mzaliwa wa Wete, ambaye sasa anaishi Sumbawanga, ametuletea suala ambalo tumeona tulijibu kwa urefu, kwa sababu linawahusu wengi katika ndugu zetu wa visiwani waliohamia Bara kikazi na kibiashara.

Mume wake ni mwalimu wa skuli. Mtaani kwao kuna chuo kidogo cha Qur-aan. Ustadhi ametundika rimu ya gari kwenye tawi la mti, na kila siku baada ya Alasiri huigonga kwa kipande cha nondo ili watoto wajue kwamba wakati umefika. Mzee mmoja wa msikitini amesema kuwa hiyo ni naqusi ya Manasara, na kwamba mwenye kupeleka mtoto wake hapo anamzoesha kanisa. Baba akaingiwa na shaka, akawatoa watoto wake. Nyumba nyengine mbili zikafuata. Hii ni wiki ya tatu watoto hawajashika juzuu, na ustadhi na yule mzee hawasalimiani. Mama anauliza: nani mwenye haki, na je, awarejeshe watoto bila ya ridhaa ya mume wake?

Jawabu kwa ufupi ni kwamba kugonga chuma hicho kwa ajili ya kuwaita watoto darasani kunajuzu, na watoto warudi chuoni. Lakini jawabu fupi halimalizi ugomvi, na yule mzee hakusema maneno yake bila ya asili. Anayo Hadithi nyuma yake, na anayo hali ya mji anaoishi.

Tuanze na chombo chenyewe, kwani watu wanachanganya. Kengele ina tumbo na mdomo, na mara nyingi ina ulimi ndani unaopiga ukingo. Chombo tunachokizungumzia hapa hakina ulimi. Ni bamba, sahani au duara la chuma au shaba linalotundikwa au kushikwa, likagongwa kwa nje. Wazungu wamelichukua jina lake kutoka kwa watu wa Malay na Java, ambao ndio mabingwa wake. Sisi tukilitamka jina hilo kwa ndimi zetu tutapata gongo, na gongo kwetu ni fimbo nene, au ile pombe haramu ambayo hatuna haja ya kuieleza. Kwa hivyo watu wa Bara husema tu "kengele ya skuli" au "chuma", na sote tunaelewa.

Visiwani tunacho cha kwetu, nacho ni upatu. Kijana wa leo ukimtajia upatu atafikiria mchezo wa kuchangiana fedha, lakini upatu kwa asili ni sahani ya shaba inayogongwa kwa vijiti katika ngoma za pwani. Wadigo wa upande wa Tanga na Mombasa bado wanaupiga katika sengenya pamoja na nzumari. Tutaurudia, kwa sababu hukumu yake si hukumu ya rimu ya chuoni.

Rimu nayo ina ufundi wake. Ikilazwa chini haitoi sauti ya maana, kwani ardhi huimeza. Lazima itundikwe kwa mnyororo au kamba, iwe huru kutetemeka, na igongwe kwa kitu kigumu. Hapo sauti yake huvuka mabonde. Mwenye kuijua nyanda ya juu ya Ufipa atafahamu kwa nini ustadhi aliichagua. Sumbawanga iko katika mwinuko unaokaribia mita 1,800, baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Kuna upepo, kuna baridi ambayo mtu wa Pemba huwa haamini mpaka aisikie mifupani, na nje ya mji nyumba zimetawanyika na mashamba yako baina yake. Mtoto yuko kwenye mahindi na mama yake, au anachunga. Kipaza sauti kinataka umeme, na kwa miaka mingi mji ule ulikuwa ukipata umeme wake kutoka Zambia, kwa taabu zake. Rimu haitaki umeme.

Wala si jambo la ajabu kwa watu wa huko kuisikiliza sauti ya chuma. Wafipa walikuwa wahunzi wakubwa. Waliyeyusha chuma katika matanuri marefu waliyoyaita malungu, yaliyojengwa kwa udongo wa vichuguu na kufikia kiasi cha mita 3. Chini yake waliacha matundu ili hewa ijivute yenyewe bila ya mivukuto. Kilichopatikana humo walikisafisha tena katika tanuri dogo, hilo likipulizwa kwa mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe au shoka. Kazi hiyo ilikufa wakati wa ukoloni, majembe ya kununua yalipoenea. Malungu kadhaa bado yamesimama mashambani.

Kwengineko katika sehemu zetu hizi za Afrika chuma kinacholia kilikuwa ni cheo. Katika makaburi ya kale ya Ingombe Ilede, bonde la Zambezi, zilifukuliwa kengele za chuma zisizo na ndimi pamoja na mapambo ya dhahabu na shaba, na za namna hiyo zimeonekana Great Zimbabwe pia. Mwanahistoria Jan Vansina aliandika juu yake mwaka 1969 akieleza kwamba zilikuwa alama za wafalme, kama vile siwa ilivyokuwa kwetu. Na kabla ya chuma watu waligonga mawe. Huko Moru, ndani ya hifadhi ya Serengeti, kuna jiwe kubwa lenye vishimo vingi ambalo likigongwa hulia kama bati nene. Ethiopia, katika makanisa ya kale ya Ziwa Tana, hutundikwa mabamba ya mawe yakagongwa kuwaita watu kwenye ibada.

Mfano huu wa mwisho ndio unaotufikisha kwenye naqusi.

Naqusi ilikuwa nini hasa

Naqusi waliyoijua Waarabu wakati wa Mtume (SAW) haikuwa kengele ya shaba yenye ulimi kama inayoning'inia minarani mwa makanisa leo. Wanazuoni wameieleza kuwa ni ubao mrefu unaogongwa kwa ubao mfupi. Yaani ni chombo cha jamii hii hii ya kugongwa kwa nje. Kwa umbo, yule mzee wa Sumbawanga hakukosea sana: rimu inafanana na naqusi kuliko kengele inavyofanana nayo.

Waislamu walipofika Madina walikuwa wakikadiria wakati na kukusanyika bila ya mwito. Imepokewa kwa Ibn Umar (RA), katika Bukhari na Muslim, kwamba walishauriana. Wapo waliopendekeza naqusi kama ya Manasara, na wapo waliopendekeza baragumu kama la Mayahudi, na Umar (RA) akatoa rai ya kumtuma mtu anadi. Katika riwaya ya Abu Dawud kutoka kwa Abdullah bin Zayd (RA) imekuja kwamba Mtume (SAW) alikuwa amekwisha kuamrisha naqusi itengenezwe. Usiku ule Abdullah akaota anapita mtu amebeba naqusi mkononi. Akataka kuinunua. Yule mtu akamuuliza ataifanyia nini, naye akasema wataitia watu kwenye Swala. Akaambiwa kwamba lipo lililo bora kuliko hilo, akafundishwa maneno ya adhana tunayoyasikia mpaka leo. Asubuhi akampelekea habari Mtume (SAW), akaambiwa ni ndoto ya haki, na amfundishe Bilal (RA) kwa kuwa sauti yake inafika mbali zaidi. Umar aliposikia adhana alitoka nyumbani mbio akiburura nguo yake, kwani naye alikuwa ameota vivyo hivyo.

Tulizingatie tukio hili, maana ndani yake mna majibu mawili. La kwanza ni kuwa mwito wa Swala kwetu ni maneno ya mwanadamu, na haubadilishwi kwa ubao, chuma, ngoma wala king'ora. Mwenye kuitundika rimu msikitini akaigonga badala ya adhana ameacha Sunna na ameingia katika lile lililoachwa. La pili ni kwamba ubao wenyewe haukuwa najisi. Lau kugonga kitu ili watu wakusanyike kungekuwa ni uovu kwa dhati yake, Mtume (SAW) asingeamrisha kitengenezwe hata kwa siku moja. Naqusi iliachwa kwa sababu lilipatikana lililo bora, na kwa sababu ni alama ya ibada ya wengine.

Hadithi ya kengele

Hadithi ambayo huenda mzee yule ameisikia ni ile ya Abu Hurayra (RA) katika Sahihi Muslim, yenye maana kwamba Malaika hawafuatani na msafara wenye mbwa au kengele, na nyengine hapo hapo inayoihesabu kengele kuwa katika zumari za shetani. Hizi ni Hadithi sahihi, na hatuna ruhusa ya kuzipuuza kwa sababu tu tumezoea kengele za milango.

Basi wanazuoni wamezifahamu vipi? Imam Nawawi, ambaye ndiye tegemeo la madhehebu yetu ya Shafi'i visiwani, ametaja katika sherehe yake ya Muslim sababu zilizosemwa: kwamba kengele inafanana na naqusi, au kwamba ni katika vitu vinavyotundikwa shingoni mwa wanyama ambavyo vimekatazwa, au kwamba sauti yake inachukiza. Kisha akaeleza kwamba kuchukiza huko, kwa madhehebu yetu na ya Imam Malik, ni karaha ya tanzihi, yaani jambo ambalo kuliacha ni bora na mwenye kulifanya hapati dhambi. Na akataja kwamba kundi la wanazuoni wa mwanzo wa Sham walichukia kengele kubwa na hawakuichukia ndogo. Ikiwa kengele yenyewe, iliyotajwa kwa jina lake, hukumu yake kwa Nawawi ni hiyo, vipi kitu kilichokisiwa juu yake kitakuwa haramu ya kumtoa mtoto chuoni?

Zaidi ya hayo, Hadithi imezungumzia kengele za msafara, zinazovaliwa na wanyama na kulia njia nzima. Chombo kinachogongwa mara tatu kwa haja maalumu, kisha kikanyamaza, hakiko katika maana hiyo. Kwa mtazamo huu wanazuoni wengi wa zama zetu wamejuzisha kengele za milango, saa za kuamshia na kengele za madarasa, kwa sharti zisiwe na muziki na zisiige kengele ya kanisa.

Na kuna jambo ambalo wanafunzi wa elimu hulipenda. Al-Harith bin Hisham (RA) alimuuliza Mtume (SAW) vipi wahyi unamjia, na katika jawabu lake, lililopokewa na Bukhari mwanzoni kabisa mwa kitabu chake, aliufananisha wakati mwengine na mlio wa kengele, akasema kuwa hiyo ndiyo hali iliyo nzito kwake. Vipi kitukufu kifananishwe na kinachochukiza? Ibn Hajar amejibu katika Fat-hul Bari kwamba sauti ina pande mbili, upande wa nguvu na upande wa mvumo wake wa kufurahisha. Mfano umechukua upande wa nguvu, na karaha iko upande wa pili. Tofauti hii baina ya nguvu ya sauti na starehe ya sauti ndiyo hasa tunayoihitaji katika suala letu, kwani ustadhi anataka nguvu tu.

Shaka ya kujifananisha

Limebaki la kujifananisha na Manasara, na hili ndilo lenye uzito zaidi Sumbawanga kuliko lingekuwa Wete. Ufipa ni nchi ya Wakatoliki. Mapadri wa shirika la Wamisionari wa Afrika walikuwa Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1885, na kutoka huko wakapanda mpaka nyanda za juu. Mtu anaamka kwa kengele ya kanisa na analala kwa hiyo hiyo. Na vigango vidogo vya vijijini visivyo na uwezo wa kununua kengele vinatundika nini? Vinatundika rimu ya gari. Kwa hivyo Muislamu wa huko, ambaye ni wachache katika wengi, akisikia chuma kinalia karibu na msikiti moyo wake unashtuka. Tusimcheke. Ghera yake juu ya dini ni jambo jema.

Lakini kanuni waliyoiweka wanazuoni ni kwamba kujifananisha kunakokatazwa ni katika lile lililo mahususi kwao, linalojulisha kuwa mtu ni wao. Rimu inagongwa skuli za serikali kuanzia Sumbawanga mpaka Mtwara. Kuna vijiji ambavyo mwenyekiti huigonga kuitisha mkutano, na vyengine huigonga pakizuka moto. Kitu kinachotumiwa na kila mtu kwa kila jambo hakiwi alama ya dini fulani kwa sababu tu watu wa dini hiyo nao wanakitumia. Hata hivyo, ikiwa chuo kiko karibu na kigango na milio yake haitofautiki, hapo ustadhi abadilishe: agonge mapigo mafupi ya haraka, au atumie filimbi, au amtume kijana apite nyumba kwa nyumba. Kuondoa utata ni katika adabu ya dini.

Masharti manne yanatosha. Chuma kisigongwe kwa ajili ya Swala wala wakati adhana inasomwa. Kigongwe kwa kadiri ya haja, kisigeuzwe ngoma ya watoto. Kisifungwe hirizi wala kitambaa kwa itikadi ya kukinga uchawi. Tunalisema hili kwa sababu mji wenyewe, kwa wanavyosema wenyeji, jina lake maana yake ni kutupa uchawi, na watu wa visiwani wakihamishiwa huko husindikizwa kwa maneno mengi yasiyofaa. Na mvua za radi zinapoanza, mtoto asitumwe kugonga chuma kilichotundikwa mtini. Hili la mwisho si la fiqhi peke yake, ni la uhai.

Upatu na rimu ya skuli

Sasa upatu. Katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa visiwani kwetu kizazi baada ya kizazi, Imam Nawawi ameruhusu dufu katika harusi na khitani, hata likiwa na njuga kwa kauli iliyo sahihi zaidi, na akaharamisha ala kadhaa ambazo ni alama za walevi, na katika hizo ameitaja sanji. Sanji ni visahani vya shaba vinavyogonganishwa, yaani matuazi. Upatu wa ngomani uko karibu na hivyo kuliko na dufu, na unapoingia katika kupunga pepo jambo limezidi kuwa zito, kwani hapo hatuzungumzii muziki tena bali itikadi. Wenye kusema kwamba "chuma ni chuma, kama rimu inajuzu basi na upatu unajuzu" wanakisia kitu juu ya kisichofanana nacho. Vyote viwili vitoke katika tanuri moja, kimoja kinamwita mtoto kwenye Alif na chengine kinamwita mgonjwa kwa waganga.

Kuna anayeweza kututajia Waislamu wa Java, ambao huko Yogyakarta hupiga seti kubwa za ala za kugonga katika uwanja wa msikiti mkuu kwa takriban wiki nzima kabla ya Maulidi, na mila hiyo inaitwa Sekaten. Ni kweli, wanafanya. Ila mila ya nchi haiwi dalili ya sharia, na wao wenyewe adhana yao ni maneno yale yale ya Bilal.

Suala jengine tunaloulizwa na wazazi ni la mtoto wa Kiislamu aliyechaguliwa kuwa kiranja wa kengele. Kugonga kwa ajili ya vipindi, mapumziko na gwaride hakuna tatizo, na kunamfundisha amana ya wakati. Lakini ikiwa anasoma skuli ya misheni na akatakiwa agonge kuwaita wenzake kwenye misa, hapo asifanye, kwani ni kusaidia ibada isiyo yake. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu aombe kwa upole kwamba zamu hiyo apewe mwengine. Wala mtoto asifundishwe kuikejeli kengele ya jirani.

Tunarudi kwa mama. Kuhusu kuwarejesha watoto bila ya ridhaa ya baba yao, tunamnasihi asifanye kwa siri. Mume hakukataa watoto wasome. Ameshikwa na shaka, na shaka huondoka kwa elimu. Amsomee haya. Akibaki na uzito moyoni, wapo njia ya kati: amuombe ustadhi asigonge kwa muda, na watoto waende kwa kuangalia saa. Kuacha karaha yenye khilafu ni jambo zuri, lakini kumfundisha mtoto Al-Fatiha na hukumu za Swala yake ni wajibu juu ya wazazi wake, na wajibu hauachwi kwa kuogopa karaha. Na yule mzee aendewe na mtu anayemheshimu, aelezwe Hadithi ya Abdullah bin Zayd mpaka mwisho wake. Ustadhi ndiye aanze kumtolea salamu, maana kuhamana kwao kumepita siku tatu, na hilo limekatazwa kwa Hadithi ambayo haina khilafu.

Wallahu a'lam.